Mizani ya Asali

Tulipimia risasi kwenye mizani ya asali,
nyuma ya ghala la wafuga nyuki, Sikonge.
Sahani yake ilikuwa ingali inanata,
na kila risasi niliyoiweka
ilisita kubanduka,
kana kwamba imeshaonja tunakokwenda.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kofia mpya.
Nikachagua raifo nzito kuliko zote,
mtutu mrefu, kitako kinang'aa,
risasi sabini,
kisha thelathini nyingine
ambazo sikuzihesabia mnyama yeyote.
Hizo zilikuwa za woga.

Kalunde Mihayo, kiongozi wa doria, hakubisha.
Alitundika begi langu kwenye ndoano,
akasubiri mshale utulie.
"Siku kumi na moja, Ugalla, mwezi wa tatu.
Na maji hujaweka."
Akakaza kilemba chake, akaongeza bila kunitazama:
"Babu zetu walibeba pembe kutoka huku mpaka pwani.
Mzigo wa asubuhi si mzigo wa jioni, Nkwabi."

Yeye alikuwa na shotigani ya mtutu mmoja,
ile inayovunjwa katikati kama muhogo,
kitako kimefungwa mpira wa baiskeli.
Mkandani risasi saba tu:
nne za marisau, kwa ajili ya kanga,
mbili za donge moja, kwa asiyesikia la mkuu,
na moja aliyoizungushia uzi mwekundu.
Nikauliza hiyo ni ya nini.
Akaniambia nifunge kamba za viatu.

Siku ya nne ndorobo walinisoma mgongo mzima.
Siku ya sita bega langu la kulia lilianza kunitukana.
Risasi haitupwi porini: kila moja ina mstari wake
kwenye daftari la mtunza silaha,
na saini yangu pembeni.
Haichemshwi. Haitafunwi. Haikingi mvua.
Nilizibeba zote mia
kama mtu anayelipa deni kwa miguu.

Siku ya nane mto ulifura, ukala kivuko.
Unga ukawa gundi. Chumvi ikawa maji.
Nikajisemea, sasa ndiyo zamu ya raifo.
Kanga alikuwa hatua thelathini, ametulia,
madoa yake yanahesabika.
Nikapiga.
Nilipata manyoya, mguu mmoja,
na kimya kirefu cha Kalunde.

Jioni alikwenda peke yake na risasi mbili.
Akarudi na kanga watatu.
Hesabu hiyo sijaielewa hata leo.
Tulikula bila chumvi, tukitafuta marisau kwa ulimi,
tukiyatema motoni,
na lile la mwisho nililimeza kwa haraka ya njaa.

Alfajiri ya siku ya kumi tuliona moshi ng'ambo.
Warina asali.
Kalunde aliinua mtutu juu, akapiga,
akahesabu mpaka ishirini polepole, akapiga tena,
asije mtu akadhani ni jangili.
Mtumbwi wa gome ukatoka kwenye matete,
ndani yake vijana wawili na mzinga uliopasuka.

Nikautazama mkanda wake:
mbili za donge, na ile yenye uzi.
"Na hiyo nyekundu?"
"Ya kurudi nayo."
Akageukia maji, akaanza kuwauliza vijana bei ya nta.

Sikonge, mtunza silaha alihesabu zangu
akilamba kidole, akapotea kwenye sitini,
akaanza upya.
Tisini na tisa.
Za Kalunde alizitazama tu, akaandika.

Walipoondoka wote nilitundika begi tupu
kwenye mizani ileile.
Mshale haukurudi kwenye sifuri.
Labda ni asali.